Kupata usawa wa vigingi viwili kwa mpira wa maji

Kwa anayeanza kujifunza ujenzi: pima maji ya kawaida (kile kifaa kirefu chenye kichupa cha maji cha kuonyesha usawa) inatosha tofali moja au fremu ya mlango, lakini kwa vigingi vilivyoachana mita 8 itakudanganya. Chukua mpira mwembamba unaoonyesha ndani, ujaze maji, uache kama sentimita 30 tupu kila upande. Shikeni ncha zote mbili karibu na vigingi, mmoja huku, mwingine kule, ncha zikiwa wazi. Subirini maji yaache kucheza, kisha kila mmoja aweke alama yake pale maji yalipokoma. Alama hizo mbili ziko usawa mmoja hata kama mpira umepita shimoni, umezunguka kona au umelala juu ya kifusi, kwa sababu hewa inakandamiza ncha zote mbili sawasawa na maji hayatulii mpaka yalingane.

Kinachoharibu kazi mara nyingi ni kiputo cha hewa. Kinaweza kuwepo hata usipokiona, kwa hiyo kwanza shikeni ncha mbili pamoja, bega kwa bega: maji yasipolingana hapo, mpira una hewa, au umekunjika, au kuna aliyeziba ncha kwa kidole gumba (mimi nimefanya hivyo, zaidi ya mara moja). Tena, nusu ya mpira isiwe juani na nusu kivulini, maana maji ya moto ni mepesi na upande huo husimama juu kidogo. Yakimwagika katikati ya kazi, wekeni alama zote mbili upya.