Jinsi ya kupima athari ya ukubwa wa sampuli kwenye nguvu ya mwamba wa kutengeneza

Ripoti ikisema mwamba wa kutengeneza, yaani wa saruji na mchanga, una nguvu ya megapaskali 20 bila kutaja kipenyo cha silinda iliyopimwa, habari hiyo ni nusu. Silinda ikiwa kubwa, uwezekano wa kuwa na ufa au tundu baya la hewa huongezeka, na mpasuko huanzia hapo.

Hatua ya 1: Chagua vipenyo, tuseme milimita 25, 50 na 100. Urefu uwe mara mbili ya kipenyo kwa zote. Silinda fupi huonekana imara zaidi kwa sababu msuguano wa mabamba ya mashine ya kuvunjia huzibana ncha zake, kwa hiyo ukichanganya maumbo utapima umbo badala ya ukubwa.

Hatua ya 2: Chekecha mchanga. Punje kubwa isizidi sehemu ya kumi ya kipenyo kidogo, yaani milimita 2.5. Jaza kalibu zote kwa mchanganyiko mmoja, zitikise hewa itoke, kisha loweka silinda zote kwenye tangi moja hadi siku 28.

Hatua ya 3: Saga ncha ziwe bapa na sambamba.

Hatua ya 4: Panga kasi ya mzigo. Hapa ndipo majaribio mengi huharibika. Mashine nyingi hupangwa kwa kilonyutoni kwa sekunde, lakini kinachotakiwa kulingana ni kasi ya mkazo, yaani nguvu iliyogawanywa kwa eneo la ncha ya silinda. Kwa megapaskali 0.5 kwa sekunde, silinda ya milimita 50 inahitaji takriban kilonyutoni 1 kwa sekunde. Ya milimita 100 inahitaji karibu 4, maana eneo lake ni mara nne. Ukiacha namba ileile, silinda kubwa itabanwa polepole mno, na mwamba ukibanwa polepole huvunjika kwa mkazo mdogo zaidi. Utadhani ni ukubwa, kumbe ni kasi.

Hatua ya 5: Vunja angalau silinda tano za kila kipenyo. Chora logi ya nguvu dhidi ya logi ya kipenyo, upate mteremko wa mstari. Mwaka 1980, watafiti wa miamba Hoek na Brown walipata kipeo (yaani ukubwa wa mteremko huo) cha 0.18 kwa miamba ya asili: silinda ya milimita 100 hubaki na takriban asilimia 88 ya nguvu ya ile ya milimita 50. Usikikope kwa mchanganyiko wako. Saruji ina kasoro za aina nyingine.

Silinda za milimita 25 zikiangukia chini ya mstari, kagua ncha zake kwanza kabla ya kutilia shaka kanuni.