Somo: Safari ya siku mbili kwenda Jabal Musa (Mlima wa Musa), Sinai, Misri

Wageni wengi hutolewa Sharm el-Sheikh, mji wa hoteli za pwani, usiku kwa basi, wakapanda mlima gizani, wakaona jua likichomoza, kisha wakarudishwa hotelini wakisinzia. Kwa mlima ambao Mayahudi, Wakristo na Waislamu wote wanauheshimu kwa sababu ya Musa, naona hiyo ni haraka mno. Laleni kijijini Mtakatifu Katerina, karibu na mlima, usiku mmoja.

1. Anzeni na kalenda. Monasteri (makao ya watawa) ya Mtakatifu Katerina kwa kawaida hufungwa Ijumaa, Jumapili na sikukuu za Kiorthodoksi. Siku nyingine wageni huingia asubuhi tu, kuanzia saa tatu hadi karibu saa tano na nusu. Mkifika Jumatatu mkapanda alasiri, Jumanne asubuhi ni ya monasteri.

2. Barabara. Kutoka Sharm ni mwendo wa kama saa tatu kwa gari. Cairo ni mbali zaidi, siku nzima inaishia njiani. Vizuizi vya polisi ni vingi, hivyo pasipoti ikae mfukoni, si kwenye begi lililofungwa nyuma ya gari. Suala la viza limalizeni kabla ya kununua tiketi.

3. Kiongozi. Hamruhusiwi kupanda bila kiongozi Mbedui, yaani Mwarabu wa jangwani. Wengi ni wa kabila la Jebeliya, ambao kwa mapokeo yao wazee wao waliletwa na Kaisari Justiniano wa Roma ya Mashariki, karne ya 6, waitumikie na kuilinda monasteri. Msikilizeni, maana anajua kila jiwe.

4. Kupanda. Kilele kina mita 2,285, na monasteri tayari iko juu ya mita 1,500. Njia ya ngamia inazunguka polepole, na vibanda vya chai vipo njiani. Inapoishia, zinabaki ngazi kama 750 za mawe yasiyolingana. Moja inafika kifundoni, inayofuata karibu na goti. Hapo ndipo watu huishiwa pumzi, kwa hiyo msishindane. Ondokeni saa nane mchana muwahi machweo, mshuke kwa njia hiyohiyo na tochi. Ile njia nyingine, Ngazi za Toba, ina ngazi zipatazo 3,000 kabla ya kukutana na hizo 750. Msiishukie gizani.

Maswali ya wanachama

*Mama yangu magoti yanamsumbua. Ataweza?*
Ngamia atamfikisha kwenye ngazi za mwisho, zaidi ya hapo ni miguu. Hata akibaki chini, mpeleke monasterini akauone mmea unaotunzwa kama kile kijiti alichokiona Musa kikiwaka moto bila kuteketea. Shikamoo yangu mfikishie.

*Sisi ni Waislamu, tutakaribishwa?*
Karibuni sana. Kileleni kuna msikiti mdogo jirani na kanisa lililojengwa 1934, na ndani ya kuta za monasteri upo msikiti wa enzi za Fatimiya, watawala Waislamu wa Misri ya kale. Kwa monasteri, wote tuvae nguo za kufunika mabega na magoti.

*Jangwani kuna baridi kweli?*
Kali, dada. Kuanzia Desemba hadi Februari usiku hushuka chini ya sifuri, na theluji huanguka. Beba koti zito, kofia na glavu. Blanketi za kukodi zipo vibandani, lakini usizitegemee peke yake.