Kujifunza kushona ukubwani: anza na karatasi, kitenge kisubiri

Mi nimekaa kwenye cherehani mara ya kwanza nikiwa na miaka 36, hapa hapa Kirumba, Mwanza. Darasani sijaenda, nilikuwa naangalia mafundi barazani afu narudi nyumbani najaribu. Wamama wengi wananiambia wao wameshachelewa, jamani hamjachelewa, shida ni kwamba mtu ananunua kitenge kizuri siku ya kwanza anakikata, kinaharibika, basi moyo unavunjika.

Cherehani tafuta ya kukanyaga, hata iliyotumika, Singer au Butterfly, umeme ukikatika we unaendelea na kazi. Kabla hujatoa hela zungusha gurudumu kwa mkono uone linaenda laini, na muuzaji ashone kitambaa mbele yako, ugeuze uangalie na mshono wa chini.

Hatua ya 1, mguu. Hapa kaa siku 3 au 4, usiruke. Toa uzi wote, chukua karatasi ya daftari yenye mistari, iweke kama kitambaa ushone kufuata mstari na sindano tupu. Gurudumu unalianzisha kwa mkono kwa kulivuta kuja kwako, ndo unakanyaga, mguu mmoja mbele kidogo mwingine nyuma, vidole vinashuka kisigino kinapanda, polepole tu. Likirudi kinyume simamisha kwa kiganja uanze tena, maana ukishaweka uzi kurudi huko ndo kunausokota na kuukata. Utasikia mwenyewe mguu ukikubali, sauti inakuwa moja haikatiki katikati. Matundu yakikaa juu ya mstari ukurasa mzima, chora pembe na duara ufuate. Kwenye kona sindano iache imezama, inua mguu wa cherehani (kile kichuma kinachobana kitambaa chini ya sindano), geuza karatasi, shusha, endelea. Ile sindano ya karatasi inakuwa butu, kwenye kitambaa weka mpya, namba 14 inafaa kitenge na shuka. Kabla hujatoa ya zamani ipige picha na simu, mpya ikae vile vile.

Hatua ya 2, uzi. Hapa ndo nililia. Chini ya kitambaa kulikuwa kunatoka vitanzi vitanzi, nikapeleka kwa fundi mmoja akanilipisha akarekebisha boksi ya bobini (ile ya chini inayoshika uzi wa chini), nimefika nyumbani vitanzi vile vile. Kumbe vitanzi vikiwa chini, kosa mara nyingi liko juu, uzi haujaingia kati ya vile visahani viwili vinavyoubana. Kwaiyo unapopitisha uzi inua mguu wa cherehani, visahani viachie, uzi uzame ndani kabisa, ukishashusha mguu uvute kidogo uone unakaza. Bado vitanzi? Kaza skrubu ya visahani robo mzunguko, jaribu tena. Boksi ya chini usiiguse kabla hujamaliza ya juu.

Hatua ya 3, nenda soko la Mlango Mmoja ununue shuka la mtumba, likatekate, shona, fumua, shona.

Hatua ya 4, mfuko wa sokoni. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 1, 2019 kila mtu anahitaji mfuko, na huu ni mistari iliyonyooka mitupu. Kitenge kifue kwanza kwa sababu pamba inaruka, ukikata bila kufua mfuko utapungua baadae. Piga pasi, kata kipande inchi 16 kwa 34 na mikanda miwili ya inchi 4 kwa 22. Kitenge pande zote zinafanana, weka alama ya chaki upande wa nje usije ukachanganya. Mkanda unakunja kingo mbili zikutane katikati, unakunja tena, unashona. Zile ncha fupi za kipande kikubwa kunja nusu inchi, kunja tena inchi 1, shona, afu bandika mikanda, kila ncha shona kiboksi na msalaba ndani yake.

Sasa ubavu, na kama huna ovaloki (mashine ya kufunga kingo zisichomoke nyuzi) fanya hivi. Kunja mfuko katikati chaki ikiwa nje, shona mbavu zote mbili robo inchi tu kutoka ukingoni. Punguza nyuzi zinazoning'inia, geuza mfuko chaki iingie ndani, piga pasi, shona tena mbavu zile zile karibu nusu inchi. Ule ukingo unabaki umefungiwa humo, hakuna uzi unaochomoka hata ukiufua kila wiki.

Geuza, weka kilo 5 za mchele, uning'inize mlangoni usiku kucha. Asubuhi angalia pale mikanda iliposhika, kitambaa kikiwa kimevutwa matundu ya sindano yanaonekana, rudia ule msalaba kwa mishono midogo zaidi, kisha nenda nao soko la Mwaloni ukachukue dagaa.