Kuuza nyumba Uingereza na kununua Mombasa: usitume hata shilingi kabla ya haya

Kitu cha kwanza, na ndo kikubwa kuliko vyote: usizifunge pamoja hizi biashara mbili. Uza ya Uingereza kwanza, pesa zikae benki kwa jina lako, njoo Mombasa upange nyumba miezi sita hivi, halafu ndo ununue. Najua kodi ya miezi sita inauma, lakini mimi nilituma dipoziti nikiwa bado Leicester manake mtu wa karibu kaniambia nyumba ni safi, wakili wangu alipofanya sachi, yaani kukagua rekodi za ardhi, akakuta kaveti (zuio la kuuza) imewekwa na mtu mwengine kabisa, na kurudishiwa zile pesa ilinichukua mwaka mzima na maneno mengi ya kifamilia ambayo hadi leo hayajapoa.

Sasa upande wa kule. England kitu kinachosumbua ni kwamba mnunuzi akikubali bei bado hamjafungana, anaweza kujitoa siku yoyote mpaka mawakili wabadilishane mikataba, hapo ndo analipa dipoziti, kwa kawaida asilimia 10, na akijitoa baada ya hapo anaweza kuipoteza. Kwa hiyo usikate tiketi wala usiite watu wa kontena kabla ya siku hiyo. Kama ni fleti ya lizi, yaani unaimiliki kwa miaka maalum tu, zile karatasi za kampuni inayosimamia jengo ziagize mapema sana, zinachelewa wiki na wiki. Na kama mogeji yako ni ya riba iliyofungwa, piga simu uulize faini ya kulipa kabla ya muda ni kiasi gani, watu wanaisahau kisha wanashangaa hesabu ya mwisho imepungua.

Kodi ya faida je? Kama umeishi humo muda wote na ndio makao yako makuu, kwa kawaida hulipi. Ukiwa ulihama ukaipangisha, kuna sehemu itakayotozwa. Na hii iandike mahali: ukishakuwa si mkazi wa Uingereza kikodi ndo unauza, lazima uripoti mauzo kwa HMRC, mamlaka ya kodi ya Uingereza, ndani ya siku 60 hata kama hudaiwi chochote. Kwa hiyo mimi naona ni bora uuze ukiwa bado unaishi huko.

Ile karatasi ya wakili inayoonyesha pesa zimetoka kwenye mauzo ya nyumba iweke vizuri, benki ya Kenya itakuuliza hela zimetoka wapi na wana haki ya kuuliza. Fungua akaunti ya pauni, usibadilishe zote siku moja. Januari 2024 pauni moja ilikuwa zaidi ya shilingi 200, kufikia Aprili ilikuwa chini ya 175, yaani mwenye pauni laki moja na nusu alipoteza zaidi ya milioni tatu unusu bila kufanya kosa lolote. Bajeti yako basi ihesabu kwa kiwango cha chini, sio kile kinachokufurahisha.

Kabla ya kutafuta nyumba angalia uraia wako. Ulichukua pasipoti ya Uingereza kabla ya katiba ya 2010? Basi uraia wa Kenya ulikutoka, na haurudi wenyewe, lazima uombe upya. Bila hivo wewe ni mgeni kisheria, na kifungu cha 65 cha katiba kinasema mgeni anamiliki ardhi kwa lizi isiyozidi miaka 99, hata ukiuziwa frihodi, yaani ya kumiliki bila kikomo cha miaka, itahesabiwa kama lizi ya miaka 99 tu. Ardhi ya kilimo ndo usahau kabisa. PIN ya KRA, ile nambari ya mlipa kodi wa Kenya, pia itafute mapema, bila hiyo hakuna kinachosonga.

Haya, Mombasa yenyewe. Hapa nakuomba usome polepole manake pwani ina mambo yake. Kuna nyumba bila ardhi, Majengo na Kisauni zimejaa, unauziwa jengo lakini ardhi ni ya mtu mwengine na kila mwezi unamlipa kodi ya kiwanja, ni biashara ya halali na watu wameishi hivo vizazi na vizazi, ila wewe unayeleta pesa za maisha yako yote usinunue ukidhani umepata kila kitu. Kuna ardhi ya wakfu, hiyo haiuzwi, anayekuuzia anakudanganya au hajui. Kuna nyumba za mirathi ambazo hati bado ina jina la babu aliyefariki zamani, ndugu mmoja anauza na wengine saba wako Lamu, Jeddah na Toronto, hapo usitoe hata mia mpaka mahakama imethibitisha warithi na wote wamesaini. Muuzaji akiwa ameoa au ameolewa, idhini ya mwenzake iwe kwa maandishi.

Wakili awe wako peke yako, sio yule aliyeletwa na broka. Afanye sachi rasmi kwenye rajistri ya ardhi, na arudie tena siku chache kabla hujalipa salio. Chukua serveya akuonyeshe bikoni, yaani alama za mipaka, asome ramani hapo hapo kwenye kiwanja. Kama ni lizi uliza imebaki miaka mingapi. Fleti iwe na hati yake yenyewe chini ya sheria ya fleti ya 2020 (Sectional Properties Act), sio ahadi kwamba itatoka.

Gharama: ushuru wa stempu unalipa wewe mnunuzi, asilimia 4 mjini na 2 mashambani. Kodi ya faida ni ya muuzaji, asilimia 15 tangu 2023, zamani ilikuwa 5, ndo maana utaombwa mwandike bei ndogo kwenye mkataba. Kataa! Siku utakayouza wewe, faida itahesabiwa kutoka kwa hiyo bei ndogo.

Kama huwezi kuwepo siku ya kusaini, hati ya uwakilishi isainiwe mbele ya notari au ubalozi wa Kenya London, isajiliwe Kenya, na iseme ni nyumba gani na kazi gani tu.

Na kabla hujasema ndio, nenda ile nyumba saa kumi na mbili asubuhi uulize majirani maji. Mfereji haufiki kila siku, kisima je ni cha maji tamu au ya chumvi? Rudi tena mwezi wa tano mvua ikinyesha, usimame barabarani uangalie maji yanaelekea wapi.