Squid nyuma ya MikroTik: usibadilishe anwani kwenye ruta

Wengi huandika dst-nat (kanuni inayobadilisha anwani ya mwisho ya pakiti) kwenye ruta ya MikroTik, kila pakiti ya poti 80 (HTTP) irushwe kwa Squid, programu ya seva ya kache inayotunza nakala za vilivyopakuliwa, halafu wanakesha. Tangu toleo la 3.2, Squid iliyowekwa "intercept" (kudaka maombi bila mteja kujua) huiuliza mashine yake yenyewe mteja alikuwa anakwenda wapi. Anwani ikishabadilishwa kwenye ruta, jibu halipo, na cache.log, kumbukumbu ya makosa ya Squid, inajaa "NF getsockopt(ORIGINAL_DST) failed".

Iache pakiti kama ilivyo. Kwenye mangle, sehemu ya ruta ya kutia pakiti alama, itie mark-routing (alama ya njia), kisha njia yenye alama hiyo ielekee IP ya seva ya kache. Poti ibadilishwe ndani ya seva, kwa iptables (ngome ya Linux) REDIRECT kwenda 3129, poti ya "intercept" ya Squid. Na IP ya Squid uitoe kwenye kanuni ya mangle, la sivyo maombi yake yatarudi kwake yazunguke kama ngamia wa kinu.

Poti 443 (HTTPS, iliyosimbwa) usiiguse. Utamu uko kwenye apt, kisakinishi cha programu cha Debian: kwenye mipangilio ya Squid weka cache_dir (folda ya kache kwenye diski), na mstari wa juu yake maximum_object_size kubwa (ukomo wa ukubwa wa faili moja; chaguo-msingi ni MB 4 tu). Mashine ya pili ikisasisha, access.log itaandika TCP_HIT, yaani faili imetoka kwenye kache.