Maji ya njiani Morvan

Ukienda kuendesha baiskeli kwenye njia za changarawe za Morvan, kule Burgundy, usitegemee maduka. Vijijini Ufaransa duka la mikate, kama lipo, hufungwa mchana, na Jumapili jioni au Jumatatu unaweza kuzunguka vijiji vitatu usipate hata kipande. Beba chakula.

Maji je? Tafuta makaburi ya kijiji. Mengi yana bomba la kumwagilia maua, na waendesha baiskeli hujaza chupa hapo (kwa adabu, ni makaburini). Soma kibao kwanza: “eau non potable” maana yake maji si ya kunywa.

Halafu kuanzia Septemba hadi Februari vaa rangi kali. Wawindaji wako msituni, hasa Jumapili.