Jinsi ya Kumhoji Mtu Kuhusu Kazi Yake Hadi Akakueleza Anavyoihisi

Swali la "Je, unaipenda kazi yako?" halifai kuulizwa Mombasa, angalau si mwanzoni. Anayeulizwa hivyo, awe kuli wa bandari ya Kilindini au mshona kanzu wa Mji wa Kale, atajibu "Alhamdulillah, twashukuru," na mazungumzo yatakuwa yamefungwa kwa heshima kabla hayajafunguka. Si kwamba anaficha jambo. Kuilalamikia riziki mbele ya mgeni huonekana kama kuikufuru neema, na kujisifu nayo ni kuitafutia kijicho; kwa hiyo shukrani ndiyo jibu la adabu, nayo haisemi lolote kuhusu kazi yenyewe. Maelekezo haya ni ya yeyote anayetaka kukusanya maelezo ya watu kuhusu kazi zao, awe mwanafunzi, mwandishi au mjukuu anayetaka kuhifadhi habari za babu yake, na anayetaka kuivuka shukrani hiyo bila kumvunjia mtu heshima.

Anza na neno lenyewe "kazi", kwa sababu watu wengi wameliwekea mpaka. Kwao kazi ni ile ya kuandikwa, yenye mshahara wa mwisho wa mwezi, na mengineyo ni kibarua, biashara, ufundi au shughuli. Mama mmoja aliyekuwa akiuza mahamri na mbaazi karibu na Mwembe Tayari aliniambia kwamba yeye hana kazi, ilhali nilipomwuliza huamka saa ngapi alijibu kwamba saa tisa za usiku huwa tayari anaukata unga alioukanda usiku uliotangulia. Tangu siku hiyo huuliza "Unashughulika na nini?" au "Riziki yako yatoka wapi?", na neno analolichagua mhojiwa kuiita shughuli yake huliandika kama lilivyo. Mtu anayesema "niko kibaruani tu" kwa kazi aliyoifanya miaka kumi na miwili ameshaanza kueleza hisia zake pasipo kuulizwa, na lile "tu" halipaswi kupotea kwenye daftari lako.

Chagua wakati na mahali kwa makini. Mfanyabiashara wa soko la Kongowea hahojiwi alfajiri, malori yanaposhusha mizigo. Hungojewa hadi jua lipande na wanunuzi wa jumla waondoke. Mwajiriwa hahojiwi mbele ya tajiri wake, jambo ambalo ni dhahiri, lakini pia asihojiwe mbele ya wenzake, jambo ambalo mimi nililijifunza kwa aibu. Nilimhoji kuli mmoja barazani, wenzake wanne wakisikiliza, na kila swali nililouliza lilijibiwa kwa mzaha na mtu mwingine kabla hajafungua kinywa. Salamu nazo zichukue muda wake: mwenye umri wa mzazi wako apewe shikamoo na aitwe mzee au mama, fundi aitwe fundi, na habari za nyumbani zitangulie habari za kazi.

Jisomee pia kidogo kabla ya kwenda. Ukimwendea mzee aliyestaafu bandarini, ni vyema ujue kwamba mwezi wa Januari 1947 wafanyakazi wa Mombasa walifanya mgomo mkuu ambao makuli walikuwa sehemu yake, na kwamba kabla ya makontena magunia yalibebwa kwa migongo ya watu. Si lazima uyataje. Akiona tu kwamba hushangai anapoyagusa, hatakuanzishia alifu kwa ujiti. Ataingia moja kwa moja kwenye yale aliyoyaona mwenyewe.

Sasa uliza kuhusu siku moja, si kuhusu kazi kwa jumla. "Nieleze siku ya jana, tangu ulipotoka mlangoni" ni ombi linalojibika, ambapo "Nieleze kuhusu kazi yako" humfanya mtu atoe hotuba. Hata hivyo, siku si kipimo cha kila kazi. Mvuvi huhesabu kwa maji, kwa hiyo umwulize habari za bamvua lililopita, yaani siku za maji makuu, au alifanya nini maji yalipokuwa mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, au kusi lilipovuma hata dau lisitoke. Mhudumu wa hoteli ya pwani huhesabu kwa msimu wa wageni, kuli huhesabu kwa shifti, dereva wa lori kwa safari, na mshona kofia kwa kofia moja tangu kitambaa kinapokatwa hadi kinapokamilika. Ukikosea kipimo, utapata majibu ya kubahatisha. Akikueleza kitendo usichokielewa, mwombe akuonyeshe kwa mikono, kwani mikono haina adabu ya shukrani.

Hisia zitakuja zenyewe, na zitakuja ndani ya vitenzi. Hapa ndipo wahoji wengi hupitwa. "Nimechoka" kwa kawaida ni habari ya mwili, na usingizi hutosha kuitibu, lakini "nimechoshwa" ina mtu nyuma yake, na swali la adabu linalofuata ni "Na nini?", ambalo humwachia mhojiwa hiari ya kumtaja mtu au kutaja jambo. "Nimekinai" ni ya aliyeshiba kitu kilichokuwa kitamu, kwa hiyo mwulize utamu ulikuwa wapi. Neno gumu kuliko yote ni "nimezoea". Baharia anaweza kulitumia kwa fahari, akiwa na maana kwamba mawimbi hayamtishi tena, na mlinzi wa usiku akalitumia neno lilo hilo kwa maana kwamba ameshaacha kutarajia lolote. Usijikisie maana, uliza "Ulizoea lini?" Mwenye fahari atakuambia ni mwaka wa ngapi na kwenye safari gani, na aliyekata tamaa atanyamaza kidogo kabla ya kujibu. Andika kwamba alinyamaza.

Fahari ya fundi haipatikani kwa kumsifu, maana atakanusha. Mwonyeshe kazi iliyofanywa vibaya na mtu mwingine, kofia ambayo vitundu vyake havikulingana au mlango ambao nakshi zake zimeparazwa, na umwombe maoni yake. Katika dakika chache utakuwa umesikia kila anachokithamini. Kwa upande wa uchungu, uliza ni nini kilichobadilika. Madereva wa malori wana mengi ya kusema kuhusu makontena yaliyoanza kupakiwa kwenye treni ya reli mpya, SGR, mwaka 2018. Badala ya kuuliza kama mtu angependa mwanawe airithi kazi hiyo, swali ambalo kila mtu ana jibu lake tayari, uliza amekwisha kumfundisha nani. Mtu aliyeshona miaka thelathini bila kumfundisha hata jirani ana sababu yake, nayo inafaa kungojewa.

Mapato usiyaulize kwa tarakimu. Uliza kazi hulipwa vipi, kwa siku, kwa kipande au kwa mwezi. Kiasi atakitaja akitaka.

Ukitaka kurekodi kwa simu, omba ruhusa kwanza na ueleze sauti hiyo itakwenda wapi. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, lakini hata bila sheria, aliyeajiriwa anaweza kupoteza kibarua kwa sentensi moja iliyomfikia tajiri. Unapoandika, usimsahihishie Kimvita chake, lahaja ya Mombasa. Aliyesema "nachoka nayo lakini siiwachi" abaki nayo hivyo hivyo, kwa sababu ukiandika "siiachi" utakuwa umeyahamisha maneno yake kutoka kwake.

Kisha rudi kwake umsomee kwa sauti ulichokiandika, badala ya kumpa karatasi. Akisema "hapo umeongeza," futa bila kujitetea. Akitaka sehemu ya malalamiko iondolewe, kama watakavyo wengi, mwulize iwapo ingeweza kubaki bila jina lake na bila kutaja anakofanyia kazi. Akikataa tena, iondoe, na usiihifadhi kwenye nakala nyingine.